Droni zikiruka kundi, nani anaziongoza?

Harusini, droni ikipita juu ya maharusi, ukigeuka utamwona kijana kasimama pembeni kaikodolea macho rimoti yake. Hapo ndipo mawazo yetu mengi yanapoanzia. Zikiruka ishirini, tunatafuta vijana ishirini.

Dhana: Kila droni ina mtu wake.

Mwaka 2012 maabara ya Profesa Vijay Kumar, Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, ilionyesha droni 20 za kukaa kiganjani zikijipanga na kupishana hewani. Hakuna aliyekuwa akiziendesha kwa mkono. Kwenye droni za maabara hiyo, kompyuta iliyobebwa na droni yenyewe hutuma amri kwa mota mara 600 kwa sekunde. Kidole gumba cha nani kitafika huko? Ila tusizipambe mno: chumba kilizungukwa na kamera zilizopima kila moja iko wapi, mara 100 kwa sekunde. Zima kamera hizo, kundi zima linakuwa kipofu.

Dhana: Zina usukani.

Hazina usukani wala mkia. Zina pangaboi nne, mbili zikizunguka upande huu na mbili upande ule, vinginevyo droni yenyewe ingezunguka kama pia. Ikitaka kupanda, zote huongeza kasi. Kwenda mbele ndiko kwenye utamu: za nyuma huongeza kasi, za mbele hupunguza, droni inainamisha pua, na nguvu iliyokuwa ikiinyanyua tu sasa inaisukuma mbele pia. Breki haina. Itazame inapokaribia kusimama: inainua pua na kuegemea nyuma, kama mtu aliyeteremka kilima mbio akaanza kukaza visigino.

Dhana: Ndogo ni ya kuchezea watoto.

Wepesi wake umo katika huo udogo. Punguza vipimo vyote kwa nusu, uzito unabaki sehemu moja ya 8, lakini ukaidi wake wa kugeuzwa unabaki sehemu moja ya 32. Ndiyo maana droni ya kiganjani hupinduka na kukaa sawa kufumba na kufumbua, wakati kubwa bado inajivuta.

Dhana: Zile zinazochora picha angani usiku ndizo hodari wa kushirikiana.

Hii ndiyo inayoniudhi. Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 ilionyesha droni 1,218, ya Tokyo mwaka 2021 ikaonyesha 1,824, na watu wakasema zinaelewana. Kwa kawaida, katika maonyesho ya aina hiyo kila droni hupakiwa njia yake mapema, na ya jirani haiihusu. Ni gwaride ambalo kila askari amefumba macho anahesabu hatua zake.

Ushirikiano hasa uangalie sakafuni, sisimizi wanapovuta mende aliyekufa. Mmoja anavuta, mwingine anasukuma, wa tatu anaonekana anazuia tu, na bado mende anafika shimoni.

Dhana: Basi lazima kuwe na mkubwa wao.

Mwaka 1987 mtaalamu wa kompyuta Craig Reynolds aliiga kundi la ndege kwenye kompyuta kwa kanuni tatu tu: usimgonge jirani, elekea anakoelekea, usiachwe na wenzako. Mkubwa hakuwemo. Mwaka 2018 watafiti wa Hungaria walieleza jinsi walivyorusha droni 30 nje, uwanjani, kila moja ikijiamulia kwa kufuata mwendo wa jirani zake. Mwaka 2022 wale wa Chuo Kikuu cha Zhejiang, China, waliingiza droni 10 katika msitu wa mianzi. Kila moja ilitazama kwa kamera yake na kuwatangazia wenzake kwa redio njia inayokusudia kupita, nao wakapanga zao wasigongane.

Dhana: Zinaweza kukesha angani.

Crazyflie, droni ya gramu 27 wanayoipenda sana watafiti, huruka kama dakika 7. Kisha inatua, na hapo mtu anahitajika kweli, wa kuichomekea chaji.