Upepo uliangusha minara, lakini nini kilizima jimbo zima?

Mjomba wangu wa Morogoro ana swali lake la kila masika: "Wewe si ndiye msomi wa umeme? Mbona wingu likitanda tu, giza?" Namjibu kwamba laini ya mtaani kwake imepita katikati ya miembe. Tawi lililolowa likigusa waya, kifaa cha ulinzi hukata umeme kwa makusudi, mtu asije akapigwa shoti. Dawa yake ni panga la kupogolea.

Swali gumu ni lile asiloniuliza: dhoruba iliyopiga sehemu moja inawezaje kuzima hata usikofika upepo?

Kila nikifundisha somo hili narudi Australia Kusini, Septemba 28, 2016. Alasiri ile jimbo lilikuwa likitumia megawati 1,826 hivi. Mashamba ya upepo yalitoa 883, nyingine 613 zilitoka jimbo jirani la Victoria, na mitambo ya gesi ya pale pale ikatoa 330 tu. Hiyo 330 ishikeni, tutairudia.

Vikaja visulisuli viwili. Si vile vya vumbi vinavyopeperusha mifuko ya nailoni Dodoma. Hivi vilikuwa na kasi ya kilomita 190 hadi 260 kwa saa, vikapiga laini kubwa karibu wakati mmoja katika sehemu zilizoachana kilomita 170 hivi. Dhoruba ya siku ile iliacha minara 23 chini. Laini ikipata hitilafu, volteji ya eneo zima huzama kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho, mpaka ulinzi uitenge laini hiyo. Ndani ya dakika mbili volteji ikazama mara sita.

Mitambo ya upepo haikuvunjika. Ilivumilia mara ya kwanza, ikavumilia tena. Kumbe ndani ya programu zake kulikuwa na kikomo: volteji ikizama zaidi ya mara kadhaa katika muda mfupi, punguza uzalishaji au jitoe. Kikomo kiliwekwa kuulinda mtambo, jambo la busara kabisa kwa mwenye mtambo, ila waendeshaji wa gridi, yaani mtandao mzima wa umeme, hawakuwa na habari nacho. Mashamba tisa yakapunguza megawati 456 kwa muda usiofika sekunde saba.

Pengo hilo likaangukia laini ya Heywood, inayoleta umeme kutoka Victoria. Ikaelemewa, ulinzi wake ukaikata.

Sasa ile 330. Mliowahi kukaa karibu na mashine ya kusaga mnajua kwamba ukiizima, gurudumu huendelea kuzunguka kwa uzito wake. Mitambo mikubwa ya gesi na ya maji ina tabia hiyo hiyo, na uzito huo ndio unaozuia frikwensi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, isiporomoke kutoka hezi 50 kwa mkupuo. Siku ile mitambo mizito iliyokuwa kazini ilikuwa michache. Frikwensi ikaanguka upesi mno, hata ule mfumo wa kukata baadhi ya maeneo ili mengine yaokoke haukuwahi. Saa 10:18 jioni jimbo zima likawa giza, wateja wapatao 850,000.

Kisha wanasiasa wakaingia. Kuna walioulaani umeme wa upepo, na kuna waliosema ni dhoruba tu, angefanya nini mtu. Mimi naona wote walikwepa kazi ya kusoma ripoti ya uchunguzi wa tukio hilo.

Sisi watafiti nasi tuna kasoro yetu: tunapenda kuhesabu minara. Tunachora mchoro unaoonyesha upepo wa kasi fulani una uwezekano gani wa kuuangusha mnara, tunauweka juu ya ramani ya dhoruba, tunakokotoa. Kazi hiyo ina faida. Machi 2019 kimbunga Idai kilipoangusha minara ya laini ya bwawa la Cahora Bassa huko Msumbiji, Afrika Kusini ikapoteza umeme uliokuwa ukipita humo na mgao ukazidi. Hapo hesabu ya minara ingekueleza mengi. Kwa Australia isingekuonyesha kile kikomo.

Na kwetu? Bwawa la Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, na umeme wake unasafiri kwa laini ya kilovolti 400 hadi Chalinze. Uzito wa kuzunguka upo wa kutosha pale mitambo ikiwa kazini. Ninachotaka kujua ni nini kimeandikwa ndani ya vifaa vya ulinzi njiani, hasa sasa tunapoongeza umeme wa jua, ambao hauna gurudumu lolote.

Huko Australia, kile kikomo kilibadilishwa muda mfupi baada ya tukio, bila winchi wala saruji. Wanafunzi wangu wananiletea ramani nzuri za upepo na picha za minara iliyolala, nami nawaandikia pembeni: mipangilio ya ulinzi iko wapi? Wengi hurudi baada ya wiki moja na jibu lile lile, kwamba wameambiwa ni siri ya mtengenezaji.