Pilates kwa Wazee: Yanayosemwa Mabarazani Tanga na Yaliyothibitika

Mjini Tanga, mzee anayetembea kwa haraka alfajiri kando ya bahari kule Raskazone hamshangazi mtu. Lakini ikijulikana kwamba mzee huyohuyo, akisharudi nyumbani, hulala chali mkekani, akakunja magoti na kuinua kiuno polepole huku akihesabu pumzi, maneno hayaishi. Mazoezi hayo huitwa Pilates. Mengi yanayosemwa juu yake, ya kuyabeza na ya kuyasifu kupita kiasi, hayalingani na yale ambayo tafiti zimeyaonyesha.

“Ni mambo ya mabinti wa Kizungu.”

Jina lenyewe ni la mwanamume. Joseph Pilates alizaliwa Ujerumani mwaka 1883, na utotoni aliandamwa na maradhi, pumu ikiwa mojawapo. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza, akazuiliwa pamoja na Wajerumani wenzake katika kambi ya kisiwa cha Isle of Man, na humo aliendelea kuyatengeneza mazoezi yake miongoni mwa wanaume waliofungiwa pamoja naye. Baadaye alihamia New York, akafundisha hadi uzeeni, na alipofariki mwaka 1967 alikuwa na miaka 83. Picha za wasichana katika matangazo ni za wafanyabiashara, si zake.

“Mwili wa mzee haujengeki tena.”

Hii ndiyo dhana yenye madhara makubwa kuliko zote, kwa kuwa husemwa kwa mapenzi. Watoto wakija likizo kutoka Dar es Salaam humnyang’anya mama fagio na ndoo, wakamwambia apumzike kwa kuwa ameshawalea. Nia ni njema, ila misuli haina habari na nia. Kuanzia umri wa takribani miaka 30 mwanadamu hupoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli yake kila muongo, na baada ya miaka 60 kasi hiyo huongezeka. Kumkalisha mzee kutwa nzima ni kuiongeza zaidi.

Kwamba upotevu huo unaweza kurudishwa nyuma kulionyeshwa wazi mwaka 1990, watafiti wa Boston, Marekani, walipochapisha matokeo ya wakazi wa nyumba ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 90, waliofanyishwa mazoezi ya kunyanyua vizito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu ya mapaja yao iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Hayo hayakuwa Pilates, na si haki kuyahesabu kuwa ni sifa yake, lakini yaliing’oa hoja ya kwamba umri peke yake huufunga mlango.

Kwa upande wa Pilates yenyewe, tafiti zilizofanywa kwa wazee kwa jumla zinaelekea upande mmoja: baada ya wiki kadhaa za kuifanya mara mbili au tatu kwa wiki, uwezo wa kujimudu bila kuyumba huongezeka, miguu hupata nguvu na viungo hulainika. Udhaifu wake ni kwamba nyingi zilihusisha watu wachache, wengi wao wanawake wenye afya njema, na zilidumu kwa muda mfupi. Kwa maoni yangu, anayesema Pilates inamfaa mzee amesema kweli, ilimradi asiifanye kuwa dawa ya miujiza.

“Swala na kazi za nyumbani zinatosha.”

Hoja hii haifai kupuuzwa. Rukuu, sijda na kunyanyuka kutoka kikao cha tahiyatu huhitaji magoti na nyonga zinazofanya kazi, na mzee anayeinuka kutoka chini bila kushikwa mkono ana hazina. Hata hivyo, swala ni ibada; haikuwekwa ili iwe mazoezi, na uzito inaoupa mwili ni uleule mwaka hadi mwaka, ilhali misuli huongezeka nguvu pale inapopewa kazi inayozidi kidogo ile iliyoizoea. Kufagia na kufua nako ni hivyohivyo. Wapo wengi ambao magoti yamekwisha kuwapeleka kwenye viti vya msikitini, na hao ndio wenye haja kubwa zaidi ya kuimarishwa mapaja.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka wenye umri wa miaka 65 na zaidi wapate dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli siku 2 au zaidi, na mazoezi ya kujimudu bila kuyumba, yaliyochanganywa na ya nguvu, siku 3 au zaidi. Pilates inaweza kusaidia katika hayo mawili ya mwisho. Matembezi ya Raskazone yabaki palepale.

“Bila mashine hayawezekani.”

Mashine zipo, za kitanda kinachoteleza na springi, lakini sakafu inatosha. Mkeka wa ukindu ukitandikwa peke yake juu ya saruji iliyosuguliwa huteleza, hivyo ni vyema uwekwe juu ya zulia, na juu yake blanketi lililokunjwa. Godoro laini halifai, kwa kuwa mgongo huzama. Zoezi la kuanzia ni lile la kuinua kiuno: mtu hulala chali, magoti yamekunjwa na nyayo zimekanyaga chini, huvuta pumzi kwa pua, na anapoitoa hukaza misuli ya chini ya tumbo kama azuiaye mkojo, kisha huinua kiuno mpaka mapaja na kifua vikae kwenye mstari mmoja, akashuka taratibu. Asiyeweza kushuka chini aanze kwenye kitanda kigumu au kitini.

“Ni ya taratibu, hayawezi kumdhuru mtu.”

Hapa ndipo ninapowaogopa wanaojifunza kwa video za simu. Mwaka 1984 watafiti wa hospitali ya Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya wanawake 59 waliokoma hedhi ambao mifupa ya uti wa mgongo wao ilikuwa imedhoofika. Katika kundi lililofanya mazoezi ya kuinama na kujikunja mbele, asilimia 89 walionekana baadaye kuwa na pingili nyingine zilizobonyea au kuvunjika. Katika kundi lililofanya mazoezi ya kunyoosha mgongo kwa nyuma, walikuwa asilimia 16. Wanawake hao ni wachache, lakini tofauti ni kubwa mno kuachwa ipite.

Sasa, mazoezi asilia ya mkekani ya Pilates yamejaa kujikunja: kuinua kichwa na mabega, kukaa kutoka kulala, kubingirika kwa mgongo. Kijana huyafanya bila tatizo. Bibi wa miaka 70 aliyeanza kupinda mgongo na kupungua kimo hapaswi kuyagusa kabla ya kupimwa, na mwalimu wake anapaswa kuyaondoa, akabakiza ya kiuno, ya miguu na ya kunyoosha mgongo. Mwenye presha naye asizuie pumzi anapokaza misuli, kwa kuwa kufanya hivyo huipandisha ghafla. Ni jambo la busara kumwona kwanza daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, iwe katika hospitali ya Bombo au kwingineko.

“Hutibu mgongo na kuzuia kuanguka kuliko mazoezi mengine yote.”

Uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, wa mwaka 2015, uliokusanya majaribio 10 yenye watu 510 waliokuwa na maumivu ya kiuno, ulikuta kwamba Pilates iliwasaidia kuliko kutopewa tiba au kupewa kidogo tu, lakini haikuthibitika kuwa inayashinda mazoezi mengine. Kuhusu kuanguka, uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2019, ulijumuisha majaribio 108 na wazee zaidi ya 23,000 kutoka nchi 25, ukaona kwamba mazoezi kwa jumla hupunguza matukio ya kuanguka kwa takribani asilimia 23. Yaliyoongoza kwa ushahidi ni ya kujimudu na ya kuiga kazi za kila siku, kama kuinuka kitini na kupanda ngazi.

Tafiti nyingi za Pilates hupima jinsi mtu anavyosimama ukumbini, hazihesabu mara alizoanguka mtaani. Kusimama kwa mguu mmoja ndani ya chumba ni jambo moja. Kuvuka mtaro pale Ngamiani, barabara ya kumi, mvua ikinyesha na ndala zikiteleza, ni jambo jingine. Miwani isiyofaa, choo chenye sakafu ya utelezi na dawa zinazoleta kizunguzungu huangusha watu hata wenye mapaja imara.

“Miezi miwili ukimaliza, basi.”

Nguvu iliyopatikana huanza kupotea wiki chache baada ya kuacha. Kwa wengi, kikwazo huwa ni Ramadhani. Mwenye afya njema anaweza kubakiza dakika kumi na tano za mazoezi mepesi baada ya futari, chakula kikishatulia na kabla ya tarawehe, akayarudia yale mazito baada ya Idi kwa kuanzia chini ya kiwango alichokiachia.