Si kitanzi peke yake

Mtu akimwagiwa tindikali, wengi husema: wahalifu wanyongwe, tabia hii itakoma. Bangladesh ndiyo hutolewa mfano, kwa kuwa sheria yake ya 2002 iliruhusu adhabu ya kifo na mashambulizi yakapungua sana. Kinachosahaulika ni sheria ya pili ya mwaka uleule, iliyodhibiti tindikali yenyewe: anayeiuza au kuihifadhi lazima awe na leseni. Chupa ikiwa ngumu kupatikana, hasira hupoa kabla ya tindikali kumwagwa.

Tena, kunyonga hakumtibu aliyeungua. India, tangu 2013, faini ya mhalifu lazima itoshe gharama za matibabu na alipwe mwathiriwa. Hilo naliona zito zaidi, maana kupandikiza ngozi huhitaji upasuaji wa mara nyingi.