Vishikwambi kabatini, na dhana nyingine kuhusu shule ya kidijitali

Dhana: Vifaa vikishafika, shule iko tayari.

Kufikisha vifaa ndiyo kazi nyepesi. Mwaka 2013 Wakenya waliahidiwa kwamba kila mtoto atakayeingia darasa la kwanza kuanzia Januari 2014 atapata kompyuta mpakato. Zabuni ikazua mvutano, mpakato zikageuka tableti, na tableti zenyewe zikaanza kufika shuleni mwaka 2016, watoto waliokusudiwa mwanzoni wakiwa darasa la tatu. Kuna faida moja ya ucheleweshaji ule ambayo haisemwi sana: katika miaka hiyo maelfu ya shule za msingi zilivutiwa umeme kwa ajili ya mradi. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililokuwa andalio la kweli.

Peru walitangulia kujaribu. Waligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo za watoto, kisha utafiti uliohusisha shule 319 za vijijini, uliotolewa mwaka 2012 na Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, haukuona ongezeko lolote la ufaulu katika hisabati wala lugha. Watoto walizizoea mashine vizuri tu. Ila ufundishaji ulibaki vilevile.

Dhana: Kifaa cha serikali, usalama wake ni kabatini.

Hii hakuna anayeitamka kwenye kikao, lakini ndiyo inayoendesha shule nyingi. Mwalimu mkuu amesaini kupokea, na anajua kikipotea ataulizwa yeye. Basi anafunga na ufunguo anatembea nao. Akiitwa wilayani siku tatu, vifaa navyo viko likizo. Simlaumu, ningekuwa yeye ningefunga pia.

Tatizo ni kwamba kabati nalo linaua. Betri za lithiamu zikiachwa tupu kwa miezi huharibika, kwa hiyo kifaa kilichotunzwa mno huja kutolewa siku ya ukaguzi kikiwa hakiwaki. Kinachosaidia ni daftari la kuazimia: namba ya kifaa, aliyechukua, saa ya kutoka, saa ya kurudi, hali ya kioo. Ufunguo uwe na watu wawili. Na yawepo makubaliano ya maandishi, yanayojulikana na walimu na kamati ya shule, kuhusu kitakachofanyika kioo kikipasuka katikati ya kipindi. Bila karatasi hiyo, hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayemkabidhi mtoto wa darasa la pili kishikwambi.

Dhana: Mwalimu kijana hahitaji mafunzo, simu anaijua.

Anaijua, ndiyo. Lakini mara nyingi hodari huyo wa simu akiingia darasani hufungua kitabu kilekile kwa PDF, akakisoma kwa sauti huku wanafunzi wakinakili. Tumebadilisha karatasi kwa kioo, basi.

Chukua kipindi cha dakika 40, wanafunzi 80, kishikwambi kimoja na projekta. Mwalimu wa hisabati anawapa 1/2 + 1/3. Anapita kwenye madawati, anaona wengi wameandika 2/5. Anapiga picha kurasa tatu zisizo na majina, anazitupa ukutani, kisha anauliza: nusu peke yake ni kubwa kuliko 2/5, sasa imekuwaje tumeongeza tukapata pungufu? Darasa linaanza kubishana. Kifaa kimetumika dakika tano, kikarudi mezani. Kosa limeonekana kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe, na mwalimu hakupoteza muda kulinakili ubaoni.

Ujuzi wa kuchagua dakika hizo tano haupatikani kwenye semina ya siku mbili yenye posho. Unapatikana kwa kumtazama mwenzako akifundisha, kisha naye akutazame. Ndiyo maana naukubali mpango wa MEWAKA wa Tanzania, unaopeleka mafunzo kazini kwa mwalimu, shuleni na kwenye vituo vya walimu. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, kwa hiyo pa kuanzia papo. Sharti muda wa kujifunza uwekwe kwenye ratiba. Ukipangwa saa kumi jioni, walimu watasaini mahudhurio na kuondoka.

Dhana: Pasipo intaneti hakuna elimu ya kidijitali.

Ripoti ya UNESCO ya mwaka 2023 ilieleza kuwa asilimia 40 tu ya shule za msingi duniani zimeunganishwa na intaneti. Tukisubiri zilizobaki, tutasubiri sana. Programu kama Kolibri hutolewa bure na hufanya kazi nje ya mtandao: masomo yanapakuliwa mara moja mjini, yanawekwa kwenye kompyuta moja, na vifaa vingine darasani vinayachukua hapo. Na redio tusiisahau. Zanzibar ilishawafundisha watoto wadogo kwa vipindi vya Tucheze Tujifunze, na shule zilipofungwa mwaka 2020, Kenya ilirusha masomo redioni.

Dhana: Mambo haya ni ya mwalimu wa kompyuta.

Siku akihamishwa, nywila zinaondoka naye. Ziandikwe, zihifadhiwe ofisini, na walau walimu wawili wengine wajue kuendesha kila kitu.

Tena kuna jambo ambalo si lake hata kidogo, ni la uongozi: picha, majina na alama za watoto zinazoingizwa kwenye programu za kujifunzia. Kenya ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi tangu 2019, Tanzania tangu 2022. Idhini ya mzazi iombwe kabla ya programu kupakuliwa, na wiki ya kufungua shule ndiyo rahisi zaidi, kwa kuwa wazazi wengi wanakuja wenyewe kuandikisha watoto.