Lincoln hakufuta utumwa mwaka 1863: isomeni hati yenyewe

“Mwaka 1863 Abraham Lincoln alifuta utumwa nchini Marekani.” Sentensi hii nimechoka nayo. Imo katika insha za mwaka wa kwanza, imo katika slaidi za walimu, na mbaya kuliko yote, imo katika maswali ya mtihani ya kuchagua jibu, nayo ndiyo inayopewa alama. Ni kosa. Wanafunzi wa shahada ya Kiingereza wana udhuru mdogo kuliko wote, kwa sababu kosa hili halihitaji vitabu kumi vya historia ili kuligundua. Linahitaji kusoma Tangazo la Ukombozi (Emancipation Proclamation), hati ya takriban maneno 700, kwa jicho lile lile wanalosomea shairi.

Ya msingi nayapitia mbio. Mwaka 1860 majimbo 15 yaliruhusu utumwa, na sensa ya mwaka huo ilihesabu watumwa 3,953,760. Majimbo 11 yalijitenga na kupigana vita vya wenyewe kwa wenyewe na Muungano, yaani serikali ya shirikisho. Manne yalibaki katika Muungano na watumwa wake: Delaware, Kentucky, Maryland na Missouri. Tarehe 22 Septemba 1862, siku tano baada ya mapigano ya Antietam, Lincoln alitoa tangazo la awali akiwapa waasi muda hadi 1 Januari 1863 warudi katika Muungano. Siku hiyo ilipofika, akatia saini tangazo lenyewe.

Sasa wape wanafunzi nakala ya tangazo la Januari, kalamu tatu za rangi, na ramani tupu yenye mipaka ya kaunti. Rangi ya kwanza ni ya majimbo yaliyotajwa, ya pili ni ya sehemu zilizotolewa, yaani zilizoachwa nje ya tangazo, ndani ya majimbo hayo, na ya tatu ni ya majimbo ya utumwa ambayo hayakutajwa kabisa. Tenga dakika 40, na usiwape majibu.

Watahesabu majimbo kumi: Arkansas, Texas, Louisiana, Mississippi, Alabama, Florida, Georgia, South Carolina, North Carolina na Virginia. Kumi, si kumi na tano, wala si kumi na moja. Hapo ndipo kazi inapoanza, na hapo ndipo walimu wengi wanapokimbilia mada inayofuata.

Louisiana imetolewa sehemu 13, New Orleans ikiwemo. Hati inaziita “parish”, na mwanafunzi aliyezoea neno hilo kanisani atadhani Lincoln alikuwa na mpango maalumu na waumini. Mwambie mapema kwamba katika Louisiana parishi ndiyo kaunti. Virginia imetolewa kaunti 48 za upande wa magharibi, zile zilizokuja kuwa West Virginia mwezi Juni 1863, pamoja na nyingine saba zikiwemo York na Norfolk. Wengi hupaka Virginia yote rangi moja kwa sababu walisoma jina wakaacha kishazi kilicholifuata. Kosa hilo ni la usomaji, si la historia, na lisahihishwe kama kosa la usomaji: mrudishe kwenye neno “except” (isipokuwa), atafute kishazi chake kinaishia wapi, kisha apake upya.

Tennessee ndiyo inayowasumbua zaidi. Wanaitafuta kati ya sehemu zilizotolewa na hawaioni. Haimo popote. Jimbo lililojitenga limeachwa bila hata kutajwa, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilikuwa tayari mikononi mwa jeshi la Muungano na Lincoln alikuwa na gavana wake wa kijeshi pale, Andrew Johnson. Mwanafunzi wa lugha anapaswa kujua kwamba kunyamaza ndani ya hati ya sheria nako ni kusema. Tennessee ilikuwa na watumwa zaidi ya 275,000, na Kentucky zaidi ya 225,000. Majimbo hayo mawili peke yake yanafikisha nusu milioni ya watu ambao tangazo halikuwagusa.

Kisha waonyeshe maneno yanayofunga orodha: sehemu zilizotolewa zinaachwa kwa sasa kana kwamba tangazo hili halikutolewa. Wanafunzi wanaojifunza muundo huo wa kudhania kwa mifano ya “ningekuwa tajiri” wanauona hapa ukiamua nani anaamka mtumwa kesho yake. Sijui mfano bora wa kufundishia sarufi hiyo, na inaniuma kuona unarukwa.

Kwa nini Lincoln aliandika hivyo? Kwa sababu aliandika kama amiri jeshi mkuu. Wakati wa amani, utumwa ndani ya jimbo ulikuwa chini ya sheria za jimbo, na rais hakuwa na mamlaka ya kuufuta. Alichokuwa nacho ni uwezo wa kumnyang’anya adui nguvu kazi yake, na uwezo huo uliishia pale uasi ulipoishia. Ndiyo maana hati ni kavu na haina fahari. Anayelalamika kwamba haisisimui anailaumu kwa jambo lililoipa nguvu.

Kuna kosa la pili, ambalo huniudhi hata zaidi kwa sababu husemwa na watu wanaojiona wamelikwepa la kwanza: “Basi tangazo halikumkomboa mtu yeyote.” Rudini kwenye ramani. South Carolina imetajwa bila kutolewa sehemu hata moja, na visiwa vyake vya pwani karibu na Beaufort vilikuwa vimeshikwa na jeshi la Muungano tangu Novemba 1861. Maelfu ya watu pale walikuwa huru kisheria siku ile ile. Zaidi ya hapo, kila maili jeshi liliposonga mbele, uhuru ulisonga nalo. Na karibu na mwisho wa hati kuna aya inayowapokea waliokombolewa katika jeshi na majini. Takriban wanaume Weusi 180,000 walitumikia jeshi la Muungano kabla vita havijaisha. Tangazo “lisilofanya kitu” haliandikishi jeshi.

Aya hiyo ya jeshi haimo katika tangazo la Septemba. Kwa hiyo usigawe hati moja; gawa zote mbili na uwaambie wazilinganishe mstari kwa mstari. La Septemba linazungumzia fidia kwa majimbo yatakayofuta utumwa, na linaahidi kuendeleza juhudi za kuwahamishia watu wenye asili ya Afrika mahali pengine, kwa ridhaa yao. La Januari halina mpango huo tena. Kwa muda wa miezi mitatu na ushee, watu waliokuwa wa kuhamishwa wamekuwa watu wa kupewa bunduki.

Vitenzi pia vimebadilika. Septemba: “shall be then, thenceforward, and forever free”. Januari, katika maneno yenye amri: “are, and henceforward shall be free”. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba “shall” ni wakati ujao tu ataisoma Septemba kama utabiri, ilhali ni onyo lenye sharti. Kiswahili kinaionyesha tofauti vizuri: kwanza “watakuwa huru”, kisha “wako huru, na wataendelea kuwa huru”.

“Forever” (milele) imeachwa katika amri ya Januari, ingawa imo juu kidogo, pale Lincoln anaponukuu maneno yake ya Septemba. Je, aliliacha kwa sababu alitilia shaka kama hatua ya kivita ingedumu mahakamani baada ya amani? Inawezekana sana, na wasiwasi huo ulikuwepo kweli. Lakini nasita kujenga hoja nzima juu ya neno moja lililokosekana, na huwaonya wanafunzi wasite vilevile.

Nina shaka kubwa zaidi kuhusu mbinu yangu yenyewe. Kuanza na hati ni kumweka Lincoln na kalamu yake katikati ya chumba. Mei 1861, karibu miaka miwili kabla ya saini hiyo, watumwa watatu, Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend, walitoroka wakaingia Fort Monroe, ngome ya Muungano huko Virginia, na Jenerali Benjamin Butler akakataa kuwarudisha, akidai ni mali ya adui iliyotekwa. Wengi wakawafuata, na sheria zikalazimika kuwakimbilia. Nikianza na hao watatu, wanafunzi huona hati kama karatasi ya kuthibitisha tu. Nikianza na hati, huwaona hao watatu kama tanbihi. Wanahistoria nao wanabishana kuhusu nani apewe uzito zaidi, na sijaridhika na mpangilio wowote.

Tarehe zinazofuata zitoshe ubaoni. Maryland ilifuta utumwa Novemba 1864, Missouri Januari 1865, Tennessee Februari. Tarehe 19 Juni 1865 Jenerali Gordon Granger alitangaza uhuru Galveston, Texas. Ni siku ya kuadhimishwa, ila si mwisho wa utumwa. Kentucky na Delaware ziliendelea nao mpaka Marekebisho ya 13 ya Katiba yalipoidhinishwa, 6 Desemba 1865.

Marekebisho hayo yasomwe kipindi kinachofuata, peke yake. Katiba ya 1787 iliuzungukazunguka utumwa kwa maneno kama mtu “anayewajibika kwa utumishi au kazi”. Neno lenyewe liliingia ndani yake kwa mara ya kwanza katika marekebisho yaliyoupiga marufuku utumwa. Na marufuku hiyo, ya utumwa na ya kazi ya kulazimishwa, nayo ina “except” yake: isipokuwa kama adhabu kwa aliyepatikana na hatia. Waulize wanafunzi maneno hayo yanashikamana na nini: kazi ya kulazimishwa peke yake, au na utumwa pia? Wape alama za mkato wazichunguze, waandike jibu kwa aya moja, kisha wasome jinsi majimbo ya Kusini yalivyokodisha wafungwa kwa makampuni baada ya vita. Zoezi la mwisho: waandike upya sentensi hiyo bila kipengele hicho, wakiitunza lugha yake ya sheria, halafu walinganishe na kile wapiga kura wa Colorado walichokifanya mwaka 2018, walipokiondoa kipengele kama hicho katika katiba ya jimbo lao.