"Siku za hatari" kwa anayetafuta mtoto

Jina tulilozoea la siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba ni siku za hatari. Muulize muuguzi, muulize shoga yako, muulize yule mama wa duka la dawa hapa Busia, wote watakujibu hivyo. Jina lilianza kwa watu waliokuwa wakikwepa mimba, likabaki hata kwa mwanamke anayezisaka siku hizo kwa tochi. Mimi nitaziita siku za rutuba, ila ukifika kituo cha afya sema tu siku za hatari, utaeleweka upesi.

Kwa kawaida, katika kila mzunguko wa hedhi ovari moja hukomaza yai na kuliachia liingie kwenye mrija wa uzazi. Kule kuachiwa ndiko kunakoitwa ovulesheni, au kupevuka kwa yai. Yai likishatoka halina maisha marefu: saa 12 hadi 24, basi. Mbegu za mwanamume ndizo zenye subira, zinaweza kuishi ndani ya mwanamke hadi siku 5. Kwa hiyo siku za rutuba ni 6: tano kabla ya yai kutoka, na siku yenyewe linapotoka. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995 uliwafuatilia wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto, na mimba zote zilizopatikana ziliangukia ndani ya siku hizo sita. Siku inayofuata yai kutoka, hakuna. Mbegu ndizo zinazotakiwa kutangulia na kusubiri.

Sasa, siku hizo ni zipi? Hapo ndipo watu wengi wanapotea.

Jirani yangu anauza vitenge sokoni, mumewe ni dereva wa lori la kwenda Juba. Jioni moja alikuja na kalenda aliyoibandua ukutani, ina alama za kalamu nyekundu. "Dada," akaniambia, "huu ni mwezi wa saba najaribu. Siku ya 14 tangu hedhi ianze haijawahi kunipita, mzee anapanga safari zake ili awepo. Kwa nini sishiki?" Tukaikunjua mezani. Hedhi yake ilianza tarehe 2 Mei, iliyofuata ikaanza tarehe 4 Juni. Hizo ni siku 33, na miezi ya nyuma ilikuwa hivyohivyo. Siku yake ya 14 ilikuwa tarehe 15 Mei. Tarehe 16 alfajiri mzee alishawasha gari kuelekea Elegu, mpakani na Sudan Kusini.

Siku ya 14 ni ya mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Kinachobadilika sana kati ya mwanamke na mwanamke ni sehemu ya kwanza ya mzunguko, ile ya kukomaza yai. Sehemu ya pili, tangu yai litoke hadi hedhi ifuatayo, haichezi sana: ni kama siku 14. Daktari wa Japani, Kyusaku Ogino, aliliandika jambo hili mwaka 1924, kwamba yai hutoka siku 12 hadi 16 kabla ya hedhi inayokuja. Hesabu basi inaanzia mbele na kurudi nyuma. Tarehe 4 Juni, toa siku 14, unapata 21 Mei. Siku zake za rutuba zilikuwa kama tarehe 16 hadi 21, na lori lilikuwa barabarani siku zote hizo. Mwenye mzunguko wa siku 24 naye yai lake hutoka karibu na siku ya 10. Akingoja ya 14, amechelewa.

Shida iliyobaki ni kwamba hedhi ijayo huijui mpaka ije. Ndiyo maana inafaa kuandika tarehe za miezi kadhaa, si mmoja. Programu za simu nazo zinafanya hesabu hiyohiyo ya wastani, hazioni kinachoendelea tumboni mwako.

Mwili wenyewe husema, na bila malipo. Siku chache kabla ya yai kutoka, ute wa ukeni huongezeka, unakuwa mwepesi, unateleza, na ukiuvuta kati ya kidole gumba na cha shahada unanyooka kama ute wa yai bichi la kuku. Ukiuona huo, usingoje kalenda. Joto la mwili nalo hupanda kidogo, ila hupanda yai likishatoka. Ni kama vumbi la basi lililokwisha kupita. Linakuthibitishia kwamba yai lilitoka, halikuiti kitandani kwa wakati. Vipimo vya mkojo vya duka la dawa hukamata homoni inayopanda takriban saa 24 hadi 36 kabla ya yai kutoka. Vinasaidia, lakini mwenye tatizo la ovari zenye vifuko vidogo vingi (PCOS) vinaweza kumdanganya mara kwa mara.

Kukutana kila siku au kila baada ya siku moja kipindi hicho kunatosha. Mume kujizuia wiki mbili "ili mbegu zijae" hakusaidii, wala kulala umeinua miguu ukutani. Nasema kwa heshima zote kwa mashangazi waliotufundisha hilo.

Kama ulikuwa kwenye sindano ya miezi mitatu ya kuzuia mimba, ambayo wengi wetu Uganda tumeitumia, jipe muda. Kwa kawaida mimba hushika kama miezi 10 baada ya sindano ya mwisho, kwa wengine zaidi. Si kwamba imekuharibu.

Kuna mahali hesabu hii haifiki. Mirija ikiziba, mara nyingi kwa maambukizi ya zamani yasiyotibiwa, yai na mbegu havikutani hata upange tarehe namna gani. Chini ya miaka 35, mkijaribu miezi 12 bila mimba nendeni hospitali. Ukiwa na 35 au zaidi, miezi 6. Hedhi isiyotabirika kabisa, au maumivu makali ya nyonga, usisubiri hata hiyo miezi. Na nimesema nendeni, wawili. Karibu nusu ya wanandoa wanaokosa mtoto, upande wa mwanamume una mchango wake, na kipimo cha mbegu ni chepesi kuliko kupima mirija ya mwanamke.

Jirani alikunja kalenda yake akaondoka bila neno. Baadaye nilimsikia ng'ambo ya ukuta akiongea na simu: "Baba, mzigo wa tarehe 16 mpe mwenzako."