Gogo la mnazi na kifaru: vita vya msituni vilivyosahauliwa

Aliyewahi kupasua gogo la mnazi anajua ukaidi wake. Shoka linazama kwenye nyuzi, linanasa, nawe unabaki kuhangaika kulichomoa. Mwaka 1942, kwenye pwani ya Buna huko Papua New Guinea, askari wa Japani waliugeuza ukaidi huo kuwa silaha. Walikata minazi, wakajenga mahandaki ya magogo, wakayafunika udongo na majani hata aliyesimama hatua kumi asione kitu. Risasi zilimezwa na nyuzi. Mizinga ya mbali ilipasua vilele vya miti tu. Wamarekani waliofika Novemba walikwama hapo kwa wiki kadhaa, na malaria ikawapunguza zaidi ya alivyowapunguza adui.

Tarehe 18 Disemba Waaustralia wakaja na vifaru vichache vya aina ya Stuart, vidogo, vyenye mzinga wa milimita 37. Katika jangwa la Libya mzinga huo ulikuwa umeshapitwa na wakati. Hapa kifaru kilisogea karibu na handaki, kikapiga moja kwa moja kwenye tundu la kufyatulia, kisha askari wa miguu wakamalizia kwa mabomu ya mkono. Siku hiyohiyo ngome ya Cape Endaiadere ikavunjika. Haikuwa kazi rahisi: watu wengi walikufa, na visiki vya minazi navyo vilipigana upande wa Wajapani. Kifaru kikipanda kisiki hubaki kimekalia tumbo, minyororo inazunguka hewani, na hapo adui hukifuata kwa moto.

Nimeanza na Buna kwa sababu ya jambo ninalolisikia kila tunapofungua mihadhara yetu ya historia ya vita kwa umma hapa Unguja. Kifaru, watu husema, ni mnyama wa jangwani. Msituni ni mtu na panga lake. (Jina lenyewe lingetutanabahisha: kifaru wa kweli hukaa vichakani, na akitaka kupita hatafuti njia.) Wananchi kuamini hivyo hakudhuru mtu. Majenerali walipoamini hivyo, majeshi yalikwisha.

Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) ndio mfano mchungu kuliko yote. Wajapani waliposhuka huko Disemba 1941 walileta vifaru zaidi ya 200. Jeshi la Uingereza lililowakabili halikuwa nacho hata kimoja, na wengi wa askari wake kutoka India walikuwa hawajawahi kukiona. Ramani ilionyesha kijani kitupu, lakini ndani ya kijani kile mlikuwa na barabara nzuri za lami na mashamba ya mpira yaliyopandwa kwa mistari. Anayeijua mikarafuu ya Pemba hahitaji kuelezwa kwamba shamba la miti na mwitu ni vitu viwili.

Usiku wa kuamkia 7 Januari 1942, vifaru kama 30 viliteremka barabara ya Slim River. Vilipozuiwa mbele, vilichepuka kwenye vipande vya barabara kuukuu vilivyoachwa pale barabara kuu iliponyooshwa, vikatokea mgongoni mwa walinzi. Ilipofika asubuhi vilikuwa vimepenya kilomita zipatazo 30 na kuliteka daraja, na brigedi mbili zimesambaratika. Baadhi ya vifaru hivyo vilikuwa na ngozi ya chuma isiyozidi milimita 12. Siku 4 baadaye Kuala Lumpur ilianguka, na Singapore ikasalimu amri 15 Februari.

Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kwenye swali lenyewe. Waliuliza: kifaru kitapita kila mahali? Hakipiti. Lakini msituni hata lori la chakula halipiti kila mahali, wala mzinga, wala machela ya majeruhi. Wote wanasongamana kwenye njia zilezile chache, na kwenye njia hizo mwenye chuma humtangulia asiye nacho.

Udhaifu wa kweli ni macho. Aliyefungiwa ndani ya kifaru haoni kilicho chini ya jani. Tarehe 13 Aprili 1944, vifaru vya Waingereza vilipanda mlima Nunshigum karibu na Imphal, India, upande wa mpaka na Burma (Myanmar ya leo), mahali Wajapani wasipovitarajia. Ukingo ulikuwa mwembamba mno, hivyo maofisa walilazimika kutoa vichwa nje kuwaongoza madereva. Wote waliuawa, na maofisa wa Kiingereza wa askari wa miguu waliofuatana nao wakauawa au kujeruhiwa. Shambulio lilimaliziwa na sajenti meja pamoja na masubedari wa Kihindi (maofisa waliokuwa chini ya wale wa Kiingereza), na mlima ukatekwa. Baadaye vifaru vingi vilifungwa simu kwa nyuma, ili anayetembea kwa miguu amweleze aliye ndani apige wapi.

Vita hivyo vya Burma vinatuhusu pia kwa lugha. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambamo Keya (askari wa King's African Rifles) walisemeshana na kuamrishana kwa Kiswahili, ilishuka bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya masika ya huko, ikisukuma magari kwenye tope, mpaka Kalewa. Mwezi Disemba mainjinia wakatandika hapo, juu ya mto Chindwin, daraja la kuelea la karibu mita 350, na zana nzito zikavuka. Kifaru kisichotengenezewa njia ni chuma chakavu, na njia ile ilifunguliwa kwa mabega ya watu waliotembea.

Wanafunzi tukifika nao Jozani huniuliza kama kifaru kingepita pale. Ndani ya msitu wenyewe, penye maji na mizizi, kingezama. Ukitoka upande wa maweni, mawe yangeila minyororo. Wakati bado wanabishana, daladala ya Makunduchi hutupita kwa kasi, nami huwaonyesha ilikopita.